Frédéric Ozanam: mwanachuo aliyepanda ngazi za maskini



Tukisikia neno mtakatifu au mwenyeheri, wengi wetu tunaona picha ya padre, sista, au mfiadini wa zamani sana. Leo nawaletea mwanachuo. Kijana anayeishi mbali na nyumbani, anayesoma sheria kwa sababu baba yake ndivyo alivyotaka, huku moyo wake uko kwenye fasihi. Anaitwa Frédéric Ozanam. Kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima aliianza na wenzake siku aliyokuwa anatimiza miaka 20.

Ukiwa na rafiki anayesema kwamba masuala ya kusaidia watu yasubiri mpaka apate ajira, mtumie maisha haya.

Nyumbani kwa daktari wa maskini

Frédéric alizaliwa Milan, Italia, tarehe 23 Aprili 1813, wakati mji huo uko chini ya Napoleon. Wazazi wake walikuwa Wafaransa, na mwaka 1816 familia ikarudi Ufaransa, mjini Lyon. Baba yake, Jean-Antoine, alikuwa daktari aliyetibu maskini wengi bila kuwadai chochote. Mama yake, Marie, naye alikuwa mtu wa kuwatembelea wahitaji. Nyumba ile iliijua huzuni: walizaliwa watoto 14, na waliofika utu uzima ni watatu tu. Dada yake mkubwa, Élisa, aliyemfundisha mambo mengi utotoni, alifariki Frédéric akiwa na miaka 7.

Alikuwa mwanafunzi mwenye akili sana. Ila alipofika kama miaka 16 imani ikaanza kuyumba. Si kwamba alitaka kuacha kusali ili aponde raha. Maswali yalimwingia kichwani na hayakutoka: je, haya yote ni kweli? Aliumia kiasi cha kukosa usingizi. Aliyemsaidia ni mwalimu wake wa falsafa, padre Noirot, ambaye hakumkemea wala kumtisha. Alikuwa anatembea naye, wanaongea, anamsikiliza, anamfundisha kufikiri hatua kwa hatua. Frédéric akapata utulivu, na akamwahidi Mungu kwamba maisha yake yatautumikia ukweli.

Naomba usimsahau mwalimu huyu. Kabla Ozanam hajawa mlezi wa mtu yeyote, yeye mwenyewe alipata mkubwa aliyekubali kutumia muda wake kutembea na kijana mwenye maswali.

Paris, chuo na kipindupindu

Mwishoni mwa mwaka 1831 akaenda Paris kusomea sheria. Mji ulimwelemea. Alijiona mpweke, na chuoni imani Katoliki ilikuwa kitu cha kuchekwa. Wapo maprofesa waliofundisha wazi kwamba Ukristo umepitwa na wakati. Yeye na wanafunzi wenzake wachache walikuwa wanaandika kupinga, kwa heshima na kwa hoja, na walimu walilazimika kuwasikiliza.

Mungu akampa nyumba nzuri ya kukaa. Alipokelewa kwa André-Marie Ampère, yule mwanafizikia mkubwa ambaye jina lake ndilo tunalotumia mpaka leo kupimia mkondo wa umeme. Inasimuliwa kwamba siku moja Frédéric, akiwa amechoka rohoni, aliingia kanisani akamkuta mzee huyo amepiga magoti, anasali rozari katikati ya watu wa kawaida kabisa. Hakuna mahubiri yaliyotolewa siku ile. Kuona tu kulitosha.

Mwaka 1832 kipindupindu kikaingia Paris na kuua watu zaidi ya 18,000. Kiliwapata zaidi maskini, walioishi wamebanana kwenye vyumba vya giza, maji machafu, hakuna vyoo vya maana. Mtaa wa Mouffetard, mmoja wa maskini kuliko yote, haukuwa mbali na vyuo. Yaani mwanafunzi angeweza kutoka darasani na baada ya dakika chache tu akawa mbele ya mlango wa mjane mwenye watoto wenye njaa. Wengi walipita tu.

Swali lililomchoma

Ozanam na wenzake walikuwa na kikundi cha mijadala, wakisaidiwa na Emmanuel Bailly, mwandishi wa habari na mchapishaji, mtu mzima kuliko wao. Kila mtu aliruhusiwa kuja, hata asiyeamini. Frédéric alikuwa hodari wa kueleza mambo makubwa ambayo Kanisa lilifanya karne zilizopita. Siku moja mwanafunzi wa upande wa pili akakubali kwamba zamani ni kweli Kanisa lilifanya mengi. Halafu akauliza kitu kimoja: na leo je? Nyinyi mnaojiita Wakatoliki hapa Paris mnafanya nini kinachoonekana?

Hebu jiweke kwenye kiti chake. Unajua historia ya Kanisa, unajua katekesimu, hoja zote unazo. Halafu mtu anakuuliza kuhusu wiki hii.

Frédéric hakutafuta jibu la kumnyamazisha mwenzake. Aliona swali ni la haki. Yeye na rafiki yake Auguste Le Taillandier wakaamua kuanza na walichokuwa nacho. Wanaosimulia maisha yao wanasema kitu cha kwanza kilikuwa kuni zao wenyewe zilizobaki za kuotea moto wakati wa baridi. Walizibeba wakazipeleka kwa familia maskini.

Tarehe 23 Aprili 1833 wakakutana kwenye ofisi ya Bailly. Wanafunzi walikuwa sita: Ozanam, Le Taillandier, François Lallier, Paul Lamache, Félix Clavé na Jules Devaux. Bailly akawa mwenyekiti. Walijiita Konferensi ya Upendo, na baadaye wakajiweka chini ya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Kila wiki walikutana, wakasali, wakazungumzia familia walizozitembelea, na mwishoni kila mmoja akachangia alichonacho kwa siri, ili asiyekuwa na kitu asiaibike. Tunaosubiri bumu tunaelewa kwa nini siri hiyo ilikuwa na maana.

Sista Rosalie anawafundisha kazi

Hapa ndipo napapenda kuliko pote. Vijana hawa walikuwa na moyo, ila hawakujua waanzie wapi. Wakamtuma Devaux kwa Sista Rosalie Rendu, wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyeishi mtaa wa Mouffetard tangu mwaka 1802. Sista alikuwa amefungua shule, zahanati na mahali pa kulelea watoto wadogo ambao mama zao walikwenda vibaruani. Alimjua kila mtu mtaani.

Sista Rosalie aliwapa majina ya familia, akawapa na kuponi za mkate wa kuanzia. Halafu akawafundisha namna ya kwenda. Waende wawili wawili. Wakae chini, wasisimame mlangoni kama wakaguzi. Wasikilize kwanza. Wasiwe na haraka ya kulaumu, maana aliyelala njaa siku mbili hasikii hotuba. Na wakishaenda, warudi. Kwa familia ileile, wiki hadi wiki.

Familia ya kwanza aliyopewa Ozanam ilikuwa na matatizo mazito. Baba mlevi anayekunywa chote kinachopatikana, mama anajiua kwa kazi ili watoto wale, na ndani ni vipigo. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba Frédéric hakuishia kupeleka mkate. Kwa kuwa alikuwa anasoma sheria, alichunguza hali ya yule mama na kumsaidia apate njia ya kuondoka salama kurudi kwao na watoto wadogo. Wale wavulana wakubwa wakapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha Bailly. Mwanafunzi alitumia kile alichokuwa anakisoma. Hakusubiri kuwa wakili.

Watoto, shule na kazi

Tukumbuke hali ya watoto wakati ule. Mwaka huohuo wa 1833 Ufaransa ilipitisha sheria ya kila eneo kuwa na shule ya msingi ya wavulana. Ila shule haikuwa ya lazima wala ya bure kwa wote. Hilo lilikuja miaka ya 1880. Mwaka 1841 ndipo sheria ilipokataza viwanda vikubwa kuajiri watoto chini ya miaka 8. Soma tena: chini ya miaka minane. Mtoto wa tisa aliruhusiwa.

Kwa hiyo wanafunzi wa Konferensi waliona haraka kwamba kupeleka mkate tu bila kumwangalia mtoto ni kazi nusu. Wakaanza kuwafuatilia vijana wadogo waliokuwa wanajifunza kazi mitaani. Waliwatafutia mafundi waaminifu, wakawafundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini, wakawa wanawaulizia maendeleo yao. Mmoja wa waliojiunga mapema, Jean-Léon Le Prevost, aliipenda kazi hiyo hivi kwamba mwaka 1845 akaanzisha shirika la watawa kwa ajili ya vijana wafanyakazi.

Hawakuita kazi hiyo kwa majina makubwa. Ila sisi tukiiona tunaitambua: kijana wa chuo anamshika mkono mtoto ambaye hana mtu wa kumwambia kwamba anaweza.

Kundi lilipokua, shida ikaingia

Sasa niseme kwa nini nimemwandika yeye wakati huu. Mimi ni mmoja wa wanachuo wanaokwenda kila Jumamosi kuwasaidia watoto wa darasa la tano hadi la saba wa shule moja ya mtaani kwetu. Hesabu, Kiingereza, na kuwasikiliza. Wengi wao wanaishi na bibi, wengine wanauza karanga na mayai baada ya masomo. Tulianza tukiwa ishirini na wawili. Sasa hivi, mitihani ikikaribia, tunaofika ni saba. Watoto hawajapungua. Kuna waliopendekeza tusitishe mpaka muhula ujao, na kuna wanaosema watoto watazoea. Katika kikao tutalazimika kuamua.

Nikiwa na swali hilo nikasoma kilichowapata wenzetu wa Paris. Shida yao ilikuwa tofauti na yetu. Mwisho wa mwaka 1834 walishapita mia moja. Ozanam akapendekeza wagawanyike, wawe vikundi vidogo kwenye parokia mbalimbali, ili waweze kuwafikia watu wengi bila kupoteza ukaribu. Jamani, ilizuka mijadala mikali! Vikao vikawa virefu, watu wakalia. Walikuwa marafiki, walipendana, hawakutaka kutengana. Mwishowe walikubali, na mwaka 1835 wakaandika kanuni zao. Kwa kugawanyika huko kazi ikatoka Paris, ikafika miji mingine, kisha nchi nyingine. Leo Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kipo katika nchi zaidi ya 140, na baadhi ya parokia zetu hapa Tanzania zinacho.

Wao walikuwa wengi wakahitaji kugawanyika, sisi tumekuwa wachache. Lakini naona jibu linatoka sehemu moja. Ozanam hakuuliza kundi likiwaje ndiyo sisi tufurahi. Aliuliza familia ile ya ghorofani, je, Jumanne itamwona mtu? Kama saba ndio tuliobaki, basi tugawane watoto, kila mmoja ajue majina ya watoto wake, na waje wakijua nani anawasubiri. Afadhali tupunguze masomo kuliko kumfundisha mtoto kwamba wakubwa huja wakiwa na nafasi na kupotea wakibanwa. Hilo wengi wao wameshafundishwa na maisha. Ndiyo hoja nitakayoipeleka kwenye kikao.

Profesa aliyeendelea kupanda ngazi

Unaweza kusema: alikuwa mwanafunzi, ni moto wa ujana tu, baadaye ulizimika. Haukuzimika.

Mwaka 1836 alipata udaktari wa sheria. Mwaka uliofuata baba yake alifariki baada ya kuanguka kwenye ngazi akiwa amekwenda kumwona mgonjwa maskini. Frédéric akabaki na mzigo wa familia, akafanya kazi asiyoipenda sana, huku akiendelea kusoma. Mwaka 1839 akapata udaktari wa pili, wa fasihi, kwa utafiti juu ya Dante. Akafundisha sheria za biashara Lyon, kisha akashika nafasi ya kwanza kwenye mtihani mgumu wa kitaifa na kuanza kufundisha Sorbonne. Mwaka 1844 akawa profesa kamili wa fasihi za kigeni, katika Paris ileile iliyowahi kumfanya ajisikie mgeni.

Kuhusu wito, alihangaika kama wengi wetu. Alifikiria utawa. Baada ya kusali na kushauriwa aliona wito wake ni ndoa, na tarehe 23 Juni 1841 akamwoa Amélie Soulacroix. Mwaka 1845 wakampata binti yao wa pekee, Marie. Inasimuliwa kwamba siku ya Mwaka Mpya alisikia familia moja maskini imeweka rehani kabati lao, kumbukumbu pekee ya siku njema. Akataka kwenda kulikomboa, Amélie akamshauri aache kwanza. Jioni, alipoona Marie amezungukwa na zawadi, akashindwa kufurahi. Amélie akamwelewa, akamwambia aende. Akatoka mbio, akalikomboa kabati, akahakikisha limefika kwa wenyewe, ndipo akarudi nyumbani na furaha yake.

Miaka hiyo ya kuingia kwenye nyumba za watu ilimbadilisha kichwa pia. Alianza kuuliza mbona mtu anafanya kazi saa nyingi hivyo na bado watoto wake wanalala njaa. Alifundisha kuhusu ujira wa haki na haki za mfanyakazi nusu karne kabla ya Papa Leo XIII kutoa Rerum Novarum mwaka 1891. Mapinduzi ya 1848 yalipotokea, alishirikiana na padre Lacordaire katika gazeti la L'Ère nouvelle, akiwataka Wakatoliki wenye nafasi wasiwaogope maskini bali wasimame nao. Juni mwaka huo mapigano yalizuka mitaani. Ozanam na wenzake wawili walikwenda kumwomba Askofu Mkuu Denis Affre asimame katikati kuleta amani. Askofu alikwenda, akapigwa risasi, akafariki siku mbili baadaye. Ozanam alilibeba jambo hilo moyoni kwa uchungu.

Hakuwa mtu wa kuchagua kati ya hisani na haki. Mtoto mwenye njaa apewe mkate leo, na tuulize pia kwa nini hana mkate. Ukimfundisha mtoto hesabu kila Jumamosi, utafika mahali uulize kwa nini darasani kwao wako wengi hivyo, na kwa nini mwingine anakosa shule siku ya soko. Usiogope maswali hayo. Yanatoka kwenye upendo.

Mwisho wa safari

Afya yake haikuwa nzuri kamwe. Kufikia 1852 ugonjwa ulikuwa umemshinda, na akalazimika kuacha kufundisha. Akapelekwa Italia kutafuta nafuu. Hata huko, akiwa hoi, alikuwa anatembelea konferensi za vijana na kuwatia moyo. Tarehe 23 Aprili 1853, siku alipotimiza miaka 40, akiwa Pisa, aliandika sala ya kumrudishia Mungu kila kitu: kazi, vitabu, mke, mtoto, na uhai wenyewe. Septemba wakamrudisha Ufaransa, akafia Marseille tarehe 8, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria. Amezikwa Paris, kwenye kanisa la Saint-Joseph-des-Carmes, mahali wanapopita wanachuo mpaka leo.

Tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani. Vijana kutoka kila bara walikuwa mjini. Sista Rosalie naye alitangazwa mwenyeheri mwaka 2003. Mwalimu na mwanafunzi, wote wawili.

Kwa wiki hii

Ukitaka kumfuata Ozanam, si lazima uanze na chama, katiba na fulana zenye nembo. Fanya mambo matatu.

Kwanza, soma Mathayo sura ya 25 kuanzia aya ya 31, polepole, na ujiulize swali la yule mwanafunzi: na leo je?

Pili, mtafute Sista Rosalie wako. Katika kila parokia yupo mtu anayewajua maskini kwa majina: mwenyekiti wa jumuiya, mama wa WAWATA, katekista, mwalimu wa shule ya msingi. Mwombe akuonyeshe mlango mmoja.

Tatu, mtafute rafiki mmoja wa kwenda naye, na mpange siku ya kurudi kabla hamjaaga.

Tusali:

Ee Mungu Baba, ulimpa mtumishi wako Frédéric akili ya kutafuta ukweli na miguu ya kuwaendea maskini. Utupe sisi wanachuo moyo kama wake. Walinde watoto wanaotusubiri, wasome wakiwa wameshiba, wakue wakijua wanapendwa. Tunapochoka, utukumbushe majina yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Frédéric Ozanam, utuombee.
Mwenyeheri Rosalie Rendu, utuombee.